Senene wa Agosti

Wiki iliyopita niliingia katika duka moja la vyakula hapa Kampala, miongoni mwa yale maduka ambamo hata vitunguu hupangwa kama vito vya sonara, nikasimama mbele ya jokofu lililotundikiwa ubao wa chaki wenye maneno "Za Msimu". Chini ya ubao huo kulikuwa na mifuko ya senene, wale panzi wa kuliwa. Tulikuwa katikati ya Agosti.

"Hawa ni wa msimu upi, mwanangu?" nilimwuliza kijana muuzaji.

"Ni za msimu, nyabo."

"Msimu wa wapi?"

Aliutazama ubao, akanitazama mimi. "Wa hapa dukani."

Sina ugomvi na kijana huyo, kwani alisema kweli kuliko ubao aliopewa aulinde. Ugomvi wangu ni na mwenye duka, ambaye anaishi katika mji ambao wenyeji wake huuita mwezi wa Novemba Musenene, na wa Mei Muzigo kwa sababu ya samli, lakini akaona heri atunge kalenda yake mwenyewe. Senene hawaji kwa oda. Huja na mvua, makundi makubwa yakitua Novemba na Desemba, na mengine karibu na Aprili na Mei. Kule Masaka mabati husimamishwa kuzunguka taa kali usiku kucha, wadudu wakaligonga bati na kuteleza hadi ndani ya pipa, na kukicha utawakuta kina mama wamejipaka majivu vidoleni ili wasiteleze, wananyofoa mbawa na miguu huku wakizungumza mambo yao bila hata kutazama mikono. Upo mwaka ambao mapipa hujaa, na upo ambao mwenye mtego hubaki na deni la umeme na pipa tupu. Kutokuwa na hakika huko ndiko kunakotufanya tuisubiri Novemba kama watoto wanavyoisubiri sikukuu.

Mwaka jana nilidanganyika nikanunua mfuko kama ule. Senene mbichi ukimtia kwenye kikaango hahitaji mafuta. Hujikaanga kwa mafuta yake mwenyewe, ukaongeza kitunguu na chumvi, na jirani akabisha hodi bila kualikwa. Hawa wa jokofu walitoa maji. Walichemka kama maharage, wakageuka rangi ya kijivu, na hakuna jirani aliyekuja. Bei yake ilikuwa ya kuku mzima.

Nitakubali, ingawa kwa shingo upande, kwamba jokofu si dhambi, na kwamba mama aliyeuza mzigo wake wote Novemba kwa mwenye jokofu huenda alilala vizuri kuliko aliyeukaanga na kuutembeza barabarani hadi usiku. Basi andika hivyo: wamevuliwa Masaka, Novemba, wamegandishwa. Ni maneno manne, na chaki mnayo.

Serikali yenyewe imekwisha kulielewa jambo hili kwenye vanila. Tunda la vanila hukaa kwenye mmea wake takriban miezi tisa tangu ua lichavushwe kwa mkono, na kwa kuwa wezi na wenye haraka walikuwa wakiyachuma mabichi na kuiharibia sifa vanila yetu, Wizara ya Kilimo hutangaza tarehe ya kuanza kuvuna. Tukiweza kumwambia mkulima asubiri kwa ajili ya mnunuzi wa ng'ambo, kwa nini mnunuzi wa Kampala asiambiwe asubiri kwa ajili ya tumbo lake mwenyewe?

Kuhusu matufaha ya Afrika Kusini yaliyowekwa kwenye kikapu cha makuti na kuitwa "ya shambani", sisemi kitu. Bila shaka yalitoka kwenye shamba fulani. Odii nayo, ile siagi ya karanga na ufuta ya Waacholi wa kaskazini, ilikuwamo kwenye chupa maridadi yenye utepe, neno Acholi halikuonekana popote.

Niliurudisha mfuko, nikamwomba kijana anipigie simu senene wa kwanza wa Novemba watakapofika. Aliandika namba yangu nyuma ya risiti, akaibandika kwenye mlango wa jokofu, kisha akachukua kitambaa akaupangusa ubao vumbi kwa uangalifu, asifute hata herufi moja.