Siku Ufunguo Ulipogoma

Kwa miaka kadhaa mimi ndiye niliyekuwa nikiwafundisha wenzangu kazini kutambua barua pepe za kitapeli. Tafuteni herufi zilizokosewa, niliwaambia, salamu za ajabu, lugha ya kuungaunga. Slaidi zilikuwa zilezile kila mwaka. Halafu nikanasa mimi mwenyewe.

Barua ilikuja kama jibu ndani ya mazungumzo tuliyokuwa nayo kweli na mteja. Ilitaja mkataba kwa jina lake, ikamtaja na mwenzangu aliyekuwa likizo, tena iliandikwa vizuri kuliko ninavyoandika mimi. Nikabofya kiungo. Ukurasa wa kuingia ulikuwa na nembo yetu, rangi zetu, kila kitu. Nikaandika nywila, kisha nikachomeka ufunguo wa usalama, kile kidude cha USB ninachokibeba pamoja na funguo za nyumba. Kikagoma. Nikakichomoa, nikapuliza vumbi ambalo halikuwepo, nikakichomeka upande wa pili wa kompyuta. Kikagoma tena. Nikakitukana. Nilikuwa natafuta namba ya fundi nilipokumbuka kwamba fundi ni mimi, na hapo ndipo niliposoma anwani ya tovuti kwa utulivu: penye herufi m palikuwa na r na n zimebanana.

Kidude kile hakinizidi akili. Tofauti ni kwamba hakisomi kwa macho. Siku nilipokisajili kilitengeneza jozi ya funguo za kidijitali kwa ajili ya anwani ile moja ya kweli: wa umma hupewa tovuti, na ule wa faragha, unaosaini kuthibitisha kwamba ni mimi, hautoki ndani yake. Wakati wa kuingia, kivinjari chenyewe ndicho kinachokiambia tupo kwenye anwani gani. Anwani isipolingana, hakisaini kitu. Hakuna anayeniuliza maoni yangu, na hiyo ndiyo raha yake.

Zingekuwa tarakimu sita za kwenye simu, ningeziandika bila kusita. Ukurasa wa tapeli hukaa katikati, ukapokea nywila na tarakimu, ukazipeleka kwenye tovuti halisi papo hapo, na tapeli akabaki ndani ya akaunti yako. Kitufe cha kukubali kwenye simu nacho kina udhaifu wake: mwaka 2022 aliyeivamia Uber alimsumbua mkandarasi mmoja kwa maombi mfululizo mpaka akakubali.

Kiangazi cha mwaka huohuo, kampuni za teknolojia Twilio na Cloudflare zilishambuliwa kwa ujumbe mfupi wa simu unaofanana. Twilio ilivamiwa. Cloudflare nako wafanyakazi watatu waliandika nywila zao kwenye ukurasa bandia, lakini kila mmoja pale alikuwa na ufunguo kama wangu, na mvamizi hakupita. Siamini kwamba wa Cloudflare walikuwa werevu kuliko wa Twilio. Google nayo ilisema mwaka 2018 kwamba, tangu iwape funguo hizo wafanyakazi wake zaidi ya 85,000, hakuna akaunti ya kazi iliyothibitika kutekwa kwa utapeli wa aina hii.

Sasa weka akili mnemba juu ya hayo. Zamani tapeli alilazimika kuchagua: barua elfu moja mbovu, au moja nzuri aliyoisumbukia wiki nzima. Leo anapata elfu moja nzuri kabla ya chai kupoa. Sisi wa Kiswahili tulikuwa na kinga ya bure, maana ujumbe wao ulisomeka kama umetafsiriwa na mashine iliyolewa. Kinga hiyo imekwisha. Kwa hiyo bosi anayewapa watu mtihani wa barua bandia, kisha akawaanika walioshindwa mbele ya kikao, anapoteza muda wake na heshima yao.

Ufunguo hauzuii kila kitu. Mwaka 2024 mfanyakazi wa kampuni ya uhandisi ya Arup huko Hong Kong alituma takriban dola milioni 25 za Marekani baada ya kikao cha video ambacho sura za wakubwa wake zilikuwa za kughushi. Hapo hakuna nywila iliyohitajika. Na ukifunga mlango wa mbele kwa ufunguo, tapeli atahamia kwa kijana wa dawati la msaada, ampigie kwa sauti ya kuigiza, alie kwamba amepoteza simu. Ndiyo maana kwangu kila mtu ana funguo mbili, mmoja wa akiba. Njia ya kuingia kwa tarakimu za ujumbe mfupi nimeizima kabisa, kwani kuiacha "kwa dharura" ni kumwachia mwizi dirisha. Asiyetaka kidude atumie ufunguo wa siri (passkey), unaofanya kazi ileile lakini hutengenezwa kwenye simu au kompyuta yake. Tulianza na wahasibu na wasimamizi wa mifumo.

Kwenye mafunzo yaliyofuata niliwasimulia wenzangu yote, hata yale matusi. Mmoja akauliza kama slaidi sasa zimefutwa. Imebaki moja, nikamjibu: ile yenye namba ya kunipigia ukishabofya.