Miaka 14 ni mapema mno kumuita mtoto kilaza

Kuna kitu kinaniuma sana nikimsikia mtu mzima anamwambia kijana wa miaka 13 au 14 "we huna akili", tena mbele ya wenzake. Maana ukifuatilia hivi vipimo vya akili vilianzaje, utakuta hata aliyetengeneza cha kwanza asingekubali maneno hayo.

Mwanasaikolojia Mfaransa Alfred Binet na mwenzake Théodore Simon walitoa kipimo chao mwaka 1905 kwa sababu serikali ya Ufaransa ilitaka kuwajua watoto wanaohitaji msaada zaidi shuleni, basi. Yenyewe yalikuwa maswali ya kawaida tu, mtoto mdogo anaambiwa onyesha pua, macho, mdomo, mkubwa kidogo anasomewa tarakimu halafu azirudie. Na mwaka 1909 Binet akawapinga waziwazi wale waliosema akili ya mtu ni kiasi kimoja ambacho hakiongezeki. Kipimo kilipofika Marekani ndo mambo yakageuka, Lewis Terman wa Chuo Kikuu cha Stanford akatoa toleo lake 1916, na yeye aliamini kabisa akili ni ya kurithi, ukizaliwa nayo unayo. 1921 akaanza kukusanya watoto wenye alama za juu sana awafuatilie maisha yao yote. William Shockley na Luis Alvarez walipimwa wakakosa alama za kuingia kwenye kundi lile, na wote wawili wakaja kupata Nobel ya fizikia, 1956 na 1968.

Sasa sisemi vipimo ni uongo, hapana. Mwaka 1932 kule Scotland walipimwa karibu watoto wote wa miaka 11, na miongo mingi baadaye Ian Deary na wenzake wakawatafuta baadhi yao wakiwa wazee wa miaka ya 70 na kitu wakawapa mtihani uleule, na kwa sehemu kubwa waliokuwa juu walibaki juu. Huo ni ushahidi mzito na anayeupuuza anajidanganya. Ila huo ni mwelekeo wa kundi, haukwambii huyu mmoja aliyekaa mbele yako atafika wapi.

Na ukitaka kuona tofauti ya kundi na mtu mmoja, angalia utafiti wa Cathy Price na wenzake London uliotoka 2011. Walichukua vijana 33 wa kati ya miaka 12 na 16, wakawapima IQ, yaani ile alama ya kipimo cha akili, na kuwapiga picha za ubongo, baada ya miaka mitatu hivi wakarudia. Wastani wa kundi zima karibu haukutikisika. Lakini ukishuka kwa mtu mmojammoja, wapo waliopanda karibu alama 20 na wapo walioshuka karibu hizohizo, na mabadiliko yalionekana mpaka kwenye ubongo wenyewe, yaani huwezi kusema labda siku ile aliamka vibaya. Alama 20 jamani! Hiyo inamtoa mtu kwenye "wa kawaida" inampeleka kwenye "kipanga", au inamrudisha.

Hapa wengi hukimbilia nadharia ya Howard Gardner ya 1983, kwamba akili ziko nyingi, ya muziki, ya mwili, ya watu na kadhalika. Inafariji, lakini ushahidi wake ni mwembamba na mi naona hatuihitaji.

Kinachonisumbua zaidi ni kwamba tunachanganya akili na kujizuia. Kijana anakokotoa hesabu ngumu ametulia kabisa, jioni akiwa na washkaji anafanya jambo la hatari ambalo ukimuuliza peke yake atakueleza vizuri tu kwa nini ni la kijinga, halafu sisi tunasema huyu hafikirii. Anafikiria sana tu. Margo Gardner na Laurence Steinberg walichapisha jaribio 2005, gemu ya kuendesha gari kwenye kompyuta, taa inawaka njano, unajua muda wowote ukuta unaweza kutokea mbele yako, uamue kusimama au kusonga upate alama zaidi. Wakiwa peke yao, vijana wadogo hawakutofautiana sana na watu wazima. Wenzao wakisimama pembeni wanaangalia, wale wadogo ndo wanakanyaga mafuta, watu wazima wala hawabadiliki. Na utafiti mwingine wa 2019 wa nchi 11, Kenya ikiwemo, ulikuta uwezo wa kufikiri kwa utulivu unafikia kiwango cha mtu mzima karibu na miaka 16, wakati ule wa kujitawala unaendelea kukomaa hata baada ya 18. Ni miaka kadhaa hiyo mtu anatembea na kichwa cha mtu mzima na breki ambazo hazijamaliza kufungwa, na ndo miaka hiyohiyo tunamgongea muhuri wa maisha.

Mi ninachotaka ni kitu kimoja na kinawezekana. Mfumo wowote unaogawa watoto makundi ya wazito na wepesi wakiwa na miaka 12 au 13 uwe na njia ya kurudi: apimwe tena akifika 15, tena 17, akiwa amepanda ahamishwe, na akiwa ameshuka watu wakae chini wamuulize kuna nini nyumbani, analala saa ngapi, nani anamsumbua, kabla mtu hajataja neno akili.