Chai ya rangi, ladha ya papa

Mwaka jana mama mkwe alinipa majani ya chai kilo mbili. Sio haya ya pakiti za dukani, haya ya kwao Tukuyu, meusi yanang'aa, ukifungua mfuko jirani anagonga kuulizia. Sasa mimi mtu wa Tanga bwana, chai kwetu ni kisingizio cha kula maandazi, nikayamimina kwenye kopo la kwanza nililoliona jikoni liko tupu. Lile kopo lilikuwa linakaa papa mkavu, mwezi mzima.

Msinihukumu, nililiosha! Maji moto, sabuni, steel wire, nikaingiza pua ndani nikanusa, safi kabisa. Kosa ni mfuniko, una mpira mweupe unaozunguka kwa ndani, sikuutoa, tena sikujua kama unatoka.

Wiki ya pili mume wangu akapiga funda moja, akakiangalia kikombe, akaniuliza, "Mchana tunakula papa?" Nikamwambia hapana, maharage. Akasema, "Basi papa tumeshamnywa."

Majani makavu ya chai yanavuta harufu ya jirani yake yoyote yule. Wachina wanalijua hilo miaka na miaka, wanayalaza na maua ya yasmini usiku, asubuhi chai inanukia maua. Mimi yangu nimeyalaza na papa.

Ningetulia tu yangeisha, ila Jumatano simu ikalia, mama anapanda basi, Ijumaa yuko Dar. Nikamwaga majani kwenye ungo, nikaanza na kopo. Nikaliloweka siki, likanuka papa wa kachumbari. Nikaliosha na sabuni ya kufulia yenye manukato, likanuka papa aliyetoka saluni. Hapo ndo nikamkumbuka bibi yangu, yeye alikuwa anaufukiza mtungi kwa ubani mpaka maji yananukia, nikasema eeh, dawa hii hapa. Nikawasha chetezo palepale jikoni, nikaweka ubani, nikalifunika kopo juu yake kifudifudi, nikatoka mara moja kumpokea muuza mboga.

Mtungi wa bibi ulikuwa wa udongo. Kopo langu la plastiki.

Kurudi nakuta limeinama upande, mdomo umepinda kama wa mtu katoka kung'oa jino, jikoni moshi, na ule ungo wa majani uko pembeni tu umekaa unavuta kila kinachopita. Yaani nilisahau kuutoa!

Ijumaa mama kafika, shikamoo, marahaba, maji ya kunywa, habari za huko, halafu lile nililokuwa naliogopa: "Mwanangu, nichemshie yale majani yangu." Mume nilikuwa nimeshamtuma akanunue pakiti nyingine, nikachanganya nusu kwa nusu, nikatia tangawizi, iliki, mdalasini, mchaichai, karibu nitie na pilipili manga niache.

Mama hakunywa kwanza. Alikiweka kikombe chini ya pua muda mrefu, mimi nimesimama na trei, mume anasoma gazeti la juzi.

"Mwanangu, hapa mlikuwa na msiba?"

"Hapana mama."

Akanywa kidogo. Akatulia. "Nasikia ubani." Akanywa tena. "Na marehemu alikuwa mvuvi?"

Mume alitoka nje akicheka hadi akakaa kwenye ngazi. Nikakiri yote, hadi chetezo. Mama kacheka mpaka kitenge kikafunguka, akaniambia leta huo mfuniko, akauchokoa ule mpira kwa mpini wa kijiko, akaniwekea puani. Wallahi papa mzima alikuwa anaishi mle.

Akanielekeza mpira usuguliwe na beking soda iliyolowanishwa kidogo, uanikwe juani mchana kutwa, na makopo mengine yenye harufu yatiwe vipande vya mkaa mkavu, yafunikwe siku tatu nne, mkaa unavuta. Ila kopo la plastiki lililokaa samaki, chai isiingie tena, mafuta ya samaki yanazama humo kwenye plastiki, chai ikae kwenye chupa ya kioo au bati.

Lile kopo lililopinda sasa hivi linakaa vibanio vya nguo. Mwezi uliopita nimepokea mzigo mwingine kutoka Tukuyu, kwa basi, safari hii haukuwa mfuko, ni debe la bati limefungwa kamba mara tatu, na juu limeandikwa kwa maka peni herufi kubwa: MAJANI TU.