Majaribio ya programu Lamu: kutenga ni lazima, ila tujue kunatenga nini

Kwa wanaoandika programu hapa Lamu, swali la kuendesha majaribio ndani ya mazingira pepe yaliyotengwa, yaani pembe ya kompyuta ambamo kila mradi una vifaa vyake peke yake, huishia kwenye mfuko. Anayepinga atakwambia kila mazingira mapya yanataka maktaba zake (misimbo iliyoandikwa na wengine ambayo programu huitumia), diski inajaa, na bando linaisha jaribio la kwanza halijaanza.

Hoja hiyo ina ukweli, ila bando limetwishwa lawama isiyo yake. Tangu toleo la 3.3 la lugha ya programu ya Python, mwaka 2012, venv, zana ya kuunda mazingira hayo, imo ndani ya Python yenyewe, na kuunda mazingira matupu hakuhitaji intaneti. Pip, zana ya kupakua maktaba, nayo huweka akiba ya ilichokwisha kupakua, hivyo mradi wa pili unaotumia maktaba zile zile haupakui upya. Hata unaweza kuzipakua mara moja penye Wi-Fi nzuri, ukazitia kwenye flashi na kumpa mwenzako. Kinacholiwa kweli ni diski na muda: tox, zana ya kuendesha majaribio, ikiagizwa kupima matoleo matatu ya Python, hujenga mazingira matatu.

Sasa tuchukue programu ya kukata tiketi za boti kati ya Mokowe, bara, na Amu, yaani mji wa Lamu, iliyoandikwa kwa Django, mfumo wa Python wa kujengea tovuti, na kutumia maktaba ya pytz kuhesabu saa. Zamani pytz ilikuja pamoja na Django. Kuanzia toleo la 4.0, Desemba 2021, haiji tena. Mwandishi ambaye mradi wake mwingine ulishaiweka pytz kwenye kompyuta ataona majaribio yote yamepita. Programu ikifika kwenye seva, inakwama pale pale inapoiita. Mazingira yaliyotengwa yangelifichua kosa hilo angali mezani kwake, kabla abiria hajafika gatini na mizigo yake. Kwangu mimi hili peke yake linatosha kuhalalisha diski yote inayoliwa.

Lakini watetezi nao huiamini venv kupita kiasi. Inatenga maktaba za Python tu; mfumo endeshi, hifadhidata na saa ya kompyuta vinabaki vile vile. Kompyuta ya Amu inafuata saa za Nairobi, ilhali seva nyingi za kukodi zimewekwa UTC, saa ya rejea ya dunia, iliyo nyuma kwa saa 3. Programu isiyo ya Django inayosoma saa ya mashine bila kutaja ukanda wa saa itafaulu hapa, halafu kule iendelee kuuza tiketi ya boti ya saa 2 asubuhi mpaka saa 5. Kwa safari za Faza zinazopita mlango wa bahari wa Mkanda hali ni mbaya zaidi, maana pale boti husubiri maji, na saa 3 ni karibu nusu ya muda kutoka maji kujaa hadi kupwa.

Kontena la Docker, yaani kifurushi kinachobeba programu pamoja na mfumo wake, kwa kawaida huanza na UTC, hivyo lingelinasa kosa hilo. Gharama yake ni mamia ya megabaiti, na kwenye Windows linahitaji Linux iendeshwe pembeni, jambo linaloilemea kompyuta ya RAM ya GB 4.

Naona kila mradi uwe na venv yake, bila kisingizio. Kontena litumike kabla ya kukabidhi kazi, kwenye mashine moja inayoliweza, hata ikiwa ya kikundi. Na kuhusu saa, mwenye Linux aweke TZ, kigezo cha ukanda wa saa, kuwa UTC na kuyaendesha majaribio yale yale mara ya pili. Hilo halili hata megabaiti moja.