Mtori Uliojificha Shingoni

Kwa kuwa jirani yangu, ambaye hadi juzi nilimhesabu kuwa rafiki, amekwisha kusambaza katika kikundi cha mtaa habari kwamba nilimlisha mtoto wa miezi mitano kiburu, yaani ndizi na maharage, na kumshushia kwa mbege, pombe ya ndizi, naona ni afadhali mwenye aibu aisimulie mwenyewe. Mbege haikuwapo. Kiburu nacho hakikuwapo. Kilichokuwapo ni mtori, supu nzito ya ndizi na nyama, tena vijiko vitatu tu, na kwa mahesabu niliyoyafanya baadaye, hata nusu kijiko hakikufika tumboni.

Mnajua kwamba tangu siku 84 za likizo ya uzazi ya mke wangu zilipokwisha, zamu ya mchana ni yangu, na kwamba jokofu letu limejaa vichupa vya maziwa aliyoyakamua, vimepangwa kwa tarehe kama majalada ya mahakama. Sikuwa na sababu yoyote ya kutafuta chakula kingine. Ila kwa muda wa wiki nzima binti huyu alikuwa akinikodolea macho kila nilipokula, akiufuata mkono wangu kutoka kwenye bakuli hadi mdomoni kama mtu anayedai chake, na asubuhi ile alinyoosha mkono akakamata kijiko. Nikajiambia kwamba mtoto ameomba kwa kinywa chake mwenyewe, ingawa kinywa hicho hakijawahi kutamka neno.

Nikachukua mtori wa jana, uliopikwa kwa ndizi mshare alizotuletea mama mkwe kutoka Marangu, nikauzimua kwa maji ya moto mpaka ukawa unatiririka, nikiamini kwamba chepesi ndicho cha mtoto. Kijiko cha kwanza kilirudi chote. Cha pili kikarudi pamoja na mate. Cha tatu hakikurudi mdomoni, na hapo nikajipongeza, kwa maana sikujiuliza kilikuwa kimekwenda wapi. Nikamfuta midomo, nikamfunga kofia, tukapanda bajaji kwenda kliniki kumpima uzito.

Naomba hapa msome polepole, kwa sababu mimi nimeliona tukio hili kila nikifumba macho.

Nesi aliuliza bila kuinua uso kutoka kwenye kadi: "Baba, mtoto anakula nini?" Nami, nikiwa mwanamume pekee kati ya akina mama kama ishirini waliokaa kwenye mabenchi, nikajibu kwa sauti ya kusikika hadi mlangoni: "Maziwa ya mama tu, sista. Hata maji hatujampa." Mama mmoja akatikisa kichwa kwa kunisifu. Nilikifurahia kile kichwa.

Mtoto akavalishwa suruali ya mzani, akaning'inizwa kwenye ndoano kama paja la mbuzi buchani. Ninyi mnaomfahamu binti yangu mnajua kwamba shingo yake haionekani. Kati ya kidevu na kifua kuna mikunjo mitatu iliyofungana. Akiwa ananing'inia pale, akaona kitu darini, akainua uso kukitazama, na mikunjo ikaanza kufunguka mmoja baada ya mwingine. Wa kwanza ulikuwa na poda. Wa pili ulikuwa na maziwa yaliyokauka, jambo ambalo halina lawama. Wa tatu ulipofunguka, nesi aliiacha kalamu, akainama, akapitisha kidole taratibu kutoka upande huu hadi upande ule, akakinusa, kisha akakiinua juu ili mabenchi yote yaone. Palikuwa na ndizi. Palikuwa na uzi wa nyama.

"Baba," akasema kwa upole uliozidi matusi, "maziwa ya mama siku hizi yanatoka na mshare?"

"Na kitunguu!" akadakia jirani yangu kutoka benchi la pili, maana naye alikuwa amemleta wake. Bibi mmoja karibu na mlango akasema jambo kwa Kichaga ambalo sitalitafsiri hapa.

Nilijitetea kwamba mtoto alikikodolea macho chakula. Nesi akanijibu kwamba bila shaka anaikodolea hata simu yangu, je, nayo nitampondea? Akamkalisha mezani akiwa amemshika kidogo kiunoni, na binti akainama upande kama gunia lisilojaa. Akamgusa mdomo kwa kijiko safi kisicho na kitu; ulimi ukatoka na kukisukuma nje. "Huyu ni mlinzi wa geti," akasema, "na bado hajaambiwa afungue." Nisubiri miezi 6 itimie, akae kwa kuegemezwa kidogo, kichwa kikiwa imara, na kijiko kikija afungue mdomo badala ya kukifukuza. Mtori hauna kosa, akaendelea, kwani akiba ya madini ya chuma aliyozaliwa nayo itakuwa imepungua na hiyo nyama itamfaa, mradi isiwe na chumvi. Aliponiuliza niliupika uzito gani, nami nikamweleza habari ya maji ya moto, akafumba macho kidogo. Tumbo la mtoto ni dogo, akasema, usilijaze maji. Chakula chake kiwe kizito kiasi cha kubaki kwenye kijiko ukikiinamisha.

Uzito wa mtoto ulikuwa mzuri, kama kuna anayejali. Kabla sijashuka kwenye bajaji mke wangu alikuwa amekwisha kupata habari, dereva naye aliniita "mangi wa mtori," na mama mkwe alipiga simu akacheka mpaka salio likaisha.

Siku ya 180 ilipofika, alikuja mwenyewe kutoka Marangu na kijiko akakishika yeye. Mimi nilipewa kitambaa na kazi moja tu: kufuta shingo.