Ungamo Likikataliwa, Kisu Kipokelewe?

Mtuhumiwa akiteswa hadi akakiri kosa, ungamo hilo halina nafasi mahakamani. Mkataba wa Umoja wa Mataifa dhidi ya Mateso wa 1984 unakataza kauli ya namna hiyo isitumike kama ushahidi, isipokuwa dhidi ya mtesaji mwenyewe. Hapo wengi hawabishani. Mabishano huanza ungamo linapowafikisha polisi kwenye kitu, tuseme kisu kilichofichwa kichakani.

Mwaka 1783, katika kesi ya Warickshall huko Uingereza, mwanamke alikiri kupokea mali ya wizi baada ya kuahidiwa nafuu, na mali ikakutwa imefichwa kitandani mwake. Mahakama ilikataa ungamo lakini mali ikapokelewa: mtu mwenye hofu au tamaa huweza kusema uongo, mali haiwezi. Hoja hiyo ina nguvu, maana aliyeibiwa au kufiwa naye anadai haki, na si yeye aliyevunja sheria kituoni.

Lakini inachukulia kwamba tatizo ni uongo tu. Vipi kuhusu mkono wa askari? Akijua karatasi ya ungamo itakataliwa ila kisu kitapokelewa, atapiga mpaka aonyeshwe kisu. Ndiyo maana Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya Wong Sun ya 1963, ilikataa dawa za kulevya zitumike dhidi ya mtu ambaye kauli yake, iliyotolewa polisi walipomvamia kinyume cha sheria, ndiyo iliyowafikisha kwenye dawa hizo. Kauli ya Wong Sun mwenyewe, mshtakiwa mwenzake, ajabu, ilipokelewa: aliachiwa, kisha siku kadhaa baadaye akarudi kwa hiari yake kutoa maelezo.

Sheria ya Uingereza ya 1984 ilichagua njia ya kati. Kisu kinapokelewa, ila upande wa mashtaka hauruhusiwi kusema kilipatikana kutokana na maelezo ya mshtakiwa, labda yeye mwenyewe aseme. Kisu kisicho na damu wala alama za vidole basi hakimfungi mtu.

Kwa makosa ya utaratibu, mathalani mtuhumiwa kutokumbushwa haki ya kunyamaza, naona njia hiyo inatosha. Kwa mateso haitoshi, kwa sababu kisu chenye alama za vidole bado kinamlipa aliyepiga. Hapo kisu nacho kikataliwe, hata kama kesi itaanguka.