Kazi ya Mtoto, Jasho la Baba

Hivi ni nani aliyewaambia walimu kwamba mzazi wa Kisumu hana shughuli Jumamosi? Tangu mtaala huu wa umilisi uanze 2019, mwanafunzi hapa kwetu Manyatta ni mimi. Safari hii daftari limekuja na amri: "Afinyange mnyama wa nyumbani akisaidiwa na mzazi." Akisaidiwa! Mwenye kazi amejilaza kwenye kochi, macho kwenye katuni. "Baba, pembe hazilingani."

Enzi zetu nani alimsumbua mzazi? Tulichimba udongo mtoni tukichunga, tukafinyanga zizi zima, fahali na ndama, jioni tukaviacha huko huko. Leo udongo unaletwa kwa bodaboda kutoka Ahero, na mwenye boda anataka nauli ya abiria. Na ule mweusi wa huko, nyanda za Kano, ni mnafiki: ukiwa mbichi unanata vizuri, ukikauka unapasuka nyufa za kuingiza kidole.

Nikampigia mama kijijini, mfinyanzi wa vyungu tangu usichana wake. Alicheka mpaka salio likakaribia kuisha. Kwa Wajaluo hiyo ni kazi ya wanawake, sasa mwanawe mwenye ndevu anauliza habari za matope! Alipotulia akasema: saga kigae cha chungu kilichovunjika uchanganye, kanda mpaka hewa itoke, anika kivulini. Pembe? Chanja pale pa kuunganishia, upake ujiuji wa udongo, ndipo ubandike. Na usithubutu kuchoma kinyago kabla hakijakauka hadi ndani, maji yatageuka mvuke, ng'ombe alipuke jikoni. Mambo haya kwenye daftari hayakuandikwa, ila "picha itumwe kwa mwalimu" hawakusahau.

Jirani akaja na ujuzi wake: achana na udongo, tumia unga wa ngano vikombe 2, chumvi 1, maji 1. Mama Akinyi akasikia kutoka jikoni.

"Unga upi, Baba Akinyi? Huu wa chapati? Wageni kesho wale ng'ombe wa chumvi?"

Nikarudi kwenye matope yangu.

Jumatatu majibu yakaja: "Anakaribia matarajio." Mimi! Na mgongo huu unaouma! Akinyi akanipigapiga begani, uso wa huruma kabisa.

"Usijali, Baba. Muhula ujao utajitahidi."